Doa la Kahawia

Dukani kwangu, 4 Machi

Binti yangu mkubwa,

Marahaba, maana najua umeshanisalimia huko uliko. Mimi mzima. Macho mazima, mikono mizima, meno yaliyobaki yananitosha. Wiki hii nimefua mapazia ya ukumbi wa sherehe, mazito kama magodoro. Yule jirani wa ng'ambo ya barabara mwenye mashine ya kufulia aliyakataa, akasema mashine yake itapasuka. Mimi sikupasuka. Mwenye ukumbi akaniambia mbele ya watu, "Mzee, dobi ni wewe, hao wengine wanalowesha nguo tu." Nimeandika kama alivyosema, sijaongeza hata neno.

Nakuandikia barua kwa sababu simu siiamini. Unaongea hapa na mwenzako kule, katikati wamekaa watu usiowajua wanasikiliza. Barua ukiifunga kwa gundi imefungwa. Ukiikuta imefunguliwa niambie.

Shati la mumeo nimempa dereva wa basi pamoja na barua hii. Mwambie alivae kazini, asiende kulilalia kwenye kochi.

La mwisho si jambo. Kifuani, karibu na chuchu ya kushoto, nilikuwa na kijivimbe kama kifungo cha shati. Sasa ni kama kifungo cha koti. Nilikwenda hospitali ili muuza mkaa wangu aache kunipigia kelele. Daktari mmoja kijana, miwani mikubwa kuliko uso, akanichoma sindano akavuta kitu. Majibu yametoka, ni upuuzi mtupu, siwezi kuharibu karatasi kuyaandika.

Mumeo usimwambie.

Mimi baba yako,
Dobi


Kwenye tanuri, 11 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua imefika, gundi nzima.

Shati nalo limefika. Nimelitundika mlangoni nikalitazama mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimemwona jini. Mkono wa kulia una mstari mmoja, umenyooka kama reli. Mkono wa kushoto una mistari miwili. Baba, wewe ulimfukuza fundi wako kwa mistari miwili, ukamwambia akatafute kazi ya kuchimba mitaro. Tangu lini Dobi anapiga pasi mistari miwili?

Mimi nafanya kazi ya kuoka mikate, udaktari siujui. Ila nimekulia chini ya meza yako ya pasi. Mkono wa kulia unasukuma pasi, wa kushoto unavuta kitambaa. Usipovuta sawasawa, mstari unakuwa wa pili. Mkono wako wa kushoto hauvuti. Na huo uvimbe uko upande gani, hebu nikumbushe?

Halafu jambo jingine. Hospitali walikuomba namba ya ndugu wa karibu ukawapa yangu. Daktari mwenye miwani amenipigia. Sitakuandikia alichosema. Nataka nikisikie kwako, kwa mwandiko wako, ndipo nitajua kama bado tunaaminiana au kila mtu anamvizia mwenzake.

Binti yako,
Mwoka Mikate


17 Machi

Mwanangu,

Ule mstari wa pili ni mkaa. Muuza mkaa kaniletea mkaa mbichi, pasi ikapoa katikati ya mkono. Ndiyo hivyo na yaishe.

Kumbe wananizunguka. Mimi nawapa namba yako kwa ajili ya siku ya kufa, wao wanaitumia nikiwa hai. Haya, kaa chini ndiyo nikwambie. Wanasema nina saratani ya titi.

TITI. Mimi. Mwanamume niliyebeba mabeseni mawili ya blanketi, moja kila mkono, mama yako akiwa shahidi, Mungu amrehemu. Nilimuuliza yule kijana, "Daktari, umenitazama vizuri?" Akasema hata wanaume hupata, ni wachache tu. Nikamuuliza, "Wachache wangapi, umewaona?" Akasema mimi ni wa kwanza kwake. Wa kwanza! Yaani nimekuwa ndiye kitambaa cha kujifunzia.

Sasa sikiliza nilichokiona kwa macho yangu. Siku ile ya sindano, mbele yangu kwenye foleni alikuwa mama mmoja mwenye kilemba cha kijani. Kichupa chake na changu viliwekwa kwenye sinia moja. Vibandiko vile vya karatasi vikilowa vinabanduka, nani asiyejua? Ndiyo maana mimi nguo ya mteja siiwekei karatasi. Natia uzi ndani ya kola, rangi yake na fundo lake, hata nguo ikae mtoni uzi unabaki. Hospitali nzima na majengo yake hawajui kutia uzi. Titi ni la yule mama. Na maskini huyo mama ameambiwa yu mzima, anatembea huko mjini na kilemba chake.

Na sasa wanataka kunikata kipande kingine. Eti cha kwanza kimeisha, wanatafuta protini fulani. Wakiikuta, ipo dawa yake. Nikamwambia, kijana, mimi kazi hii naijua. Mtu anayekuja dukani kwako kukuonyesha doa usiloliona, ujue mfukoni ana sabuni ya kuuza.

Siendi. Na wewe usije. Ukija wewe atakuja na mumeo, na mumeo ana jicho la kufunga duka langu. Mara ya mwisho alipima mlango kwa hatua zake, alidhani simwoni.

Baba yako,
Dobi


24 Machi

Baba,

Shikamoo. Ahsante kwa kuniambia. Nimelia kidogo kwenye unga, usijali, mikate imetoka na chumvi ya kutosha.

Mume wangu alipima mlango kwa sababu wewe mwenyewe ulimwomba akuletee pazia. Ulisahau.

Nilimpigia daktari. Alinieleza taratibu, nami nakueleza nilivyoelewa. Mwili umejengwa kwa seli, kama vijumba vidogo mno. Juu ya ukuta wa kila kijumba kuna hiyo protini, na kazi yake ni kama kengele ya mlangoni. Mwili ukitaka seli ikue, unabonyeza kengele, seli inasikia, inakua. Kengele ikinyamaza, seli inapumzika. Sasa kuna uvimbe ambao seli zake zimejaa kengele ukuta mzima, na zinalia zenyewe mchana kutwa, kwa hiyo zinakua bila kutumwa na mtu. Ipo dawa inayokwenda kuzikalia kengele hizo zisilie. Ila kwa mtu ambaye uvimbe wake hauna kengele nyingi, dawa hiyo ni kumchoma bure. Lazima wajue kwanza. Hiyo ndiyo kazi ya kipande cha pili, baba, hawauzi nyama yako.

Wanakikata kipande hicho vipande vyembamba kuliko karatasi, wanatia rangi inayoshika kwenye kengele tu. Zikiwa nyingi, kingo za seli zinaonekana za kahawia. Wanasoma sifuri, moja, mbili, au tatu. Ukipata tatu unapewa dawa. Daktari anasema, kwa jinsi uvimbe wako unavyokimbia, anahisi ni tatu. Lakini hisia haiandikwi kwenye cheti cha dawa.

Kuhusu titi. Kila mwanamume analo, baba. Unadhani zile chuchu ulibandikwa kama vifungo vya mapambo?

Nenda. Nakuomba kwa jina la mama. Maabara iko upande wa pili wa mji na wagonjwa hubeba chupa wenyewe. Wakikupa, ipeleke moja kwa moja, usipite kupiga soga kwa muuza mkaa. Nisipopata jibu nitakuja, na nitakuja na mume wangu na futi ya kupimia.

Binti yako,
Mwoka Mikate


8 Aprili

Mwanangu,

Nimekwenda. Umeniapiza kwa jina la mama yako, ningefanyaje?

Wamenikata. Sikutoa sauti. Nesi akasema hajaona mzee mgumu kama mimi, nikamwambia andika hiyo kwenye faili.

Kumbe mambo yenyewe ni ya RANGI. Ungeniambia tangu mwanzo nisingehangaika. Mtu anataka kumdanganya dobi kwa rangi! Mimi nimetoa wino kwenye gauni la harusi asubuhi ya harusi. Mimi najua rangi inayoshika na rangi inayojishikiza. Wacha wapake. Mimi nimechukua hatua zangu, nao watasoma ukweli wapende wasipende. Zaidi ya hapo siandiki, barua hii inapita mikononi mwa dereva, na dereva ana mdomo.

Mkono una maumivu kidogo, ni kidonda cha kukatwa.

Dobi


22 Aprili

Binti yangu, mama yangu, kipenzi,

SIFURI!

Nimeandika kwa herufi kubwa ili mumeo naye aone kwa mbali. Karatasi ninayo hapa mezani, nimeiwekea pasi isipeperuke. Sifuri. Hakuna kengele, hakuna kahawia, hakuna titi. Nilimwonyesha muuza mkaa, nikamwonyesha hata yule wa mashine, akaniambia, "Mzee, hongera, lakini mbona hapa chini pameandikwa tena?" Ana jicho la husuda yule. Chini wameandika kwamba kipande hakikuwa katika hali nzuri na kiletwe kingine. Unaona? Wamekosa walichokitaka, sasa wanarudi tena. Wangepata tatu wangeomba kingine? Wasingeomba! Wangekuja mbio na sabuni yao.

Sasa kwa kuwa nimeshinda nakwambia nilivyowashinda, maana jambo zuri kama hili likikaa kifuani nalo linaweza kuwa uvimbe.

Chupa walinipa mkononi. Ndani kipande kama kipande cha ukucha, kinaogelea katika maji yanayochoma pua. Daktari akasema, "Mzee, usifungue, nenda moja kwa moja." Mtu akikwambia usifungue, ujue kuna kitu. Nikapita dukani. Nikafungua. Ile harufu ikanipanda mpaka machoni, nami nikaitambua palepale. Ni dawa ya kushikisha rangi. Sisi tunaijua kazi hiyo, nguo ukiilowesha kwanza kwenye dawa, rangi yoyote utakayoitia itang'ang'ania, hata kama nguo yenyewe haikuitaka. Kumbe ndiyo hila yao! Wanalowesha nyama za watu, halafu wanapaka kahawia, halafu wanasema, tatu, nunua dawa.

Nikaimwaga yote. Nikakisuuza kipande kwa maji safi, nikabadilisha maji, nikasuuza tena, polepole kwa kidole, kama ninavyosuuza nguo za mtoto mchanga. Nikakitia kwenye maji safi ya bomba. Muda wa maabara ulikuwa umepita, kikalala dukani kwenye joto la pasi, asubuhi nikakipeleka. Na shingoni mwa chupa nikafunga uzi wangu mwekundu, fundo juu ya fundo, ili safari hii kisije kikaenda kwa mama wa kilemba.

Kikasomwa bila hila. Kikatoka sifuri.

Nani dobi?

Mimi baba yako


26 Aprili

Baba,

Sijui nianzie wapi. Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena, mikate ikaungua. Msimamizi amenitukana na nilistahili.

Sikiliza. Mtu akija kwangu usiku akanitolea hamira yote kwenye unga, asubuhi akanicheka kwamba mkate wangu haujaumuka, amethibitisha nini? Kwamba unga ni mbaya? Amethibitisha kwamba ameiba hamira.

Yale maji yanayochoma pua hayashikishi rangi, baba. Yanashika NYAMA. Yanaizuia isioze. Nimemuuliza mtu anayejua, sikutaja jina lako. Nyama ikikaa kwenye maji matupu, kwenye joto, zile protini zinaharibika, na rangi ikija haikuti pa kushika. Hukufua hila. Umefua kipimo. Sifuri yako ni sifuri ya beseni lako.

Na uvimbe je? Kifungo cha koti kimepungua? Usinijibu kuhusu mkaa. Nijibu kuhusu kifungo.

Wasipojua una kengele, hawatakupa dawa ya kengele. Watakupa nyingine ya kubahatisha, au hawatakupa kitu, na wewe utakaa hapo umeiwekea pasi karatasi yako mpaka siku nitakayoitwa kuja kukuosha. Nakupa wiki moja. Nenda mwenyewe kwa daktari umwambie ulichofanya. Ukinyamaza, nitampigia mimi.

Binti yako


30 Aprili

Wewe,

Hii barua si mwandiko wako. Yaani mwandiko ni wako ila maneno ni ya mumeo. Hamira, hamira! Tangu lini mtoto anamfundisha baba kufua?

Ukimpigia huyo daktari usiniite baba. Unataka nikasimame mbele ya vijana wale niseme mimi Dobi nimeharibu? Mtaa mzima nimeshauambia ni sifuri.

Kifungo ni changu. Hakikuhusu.

Dobi


Maabara, 2 Mei

Kwa Mzee mwenye duka la dobi,

Salamu na heshima zako. Mimi ndiye ninayesoma vipimo hapa maabara. Anwani yako nimeitoa kwenye fomu ya daktari. Naandika kwa hiari yangu, ofisi haijanituma, na ukiona nimekukosea unisamehe.

Kipande chako kilipofika mezani kwangu kilikatika kama mkate uliolowa chai. Niliona rangi haikushika popote. Niliandika sifuri kwa sababu ndicho nilichokiona, lakini sifuri ile siiamini, ndiyo maana niliomba kingine. Hadi leo hujaja.

Kuna jingine. Mwenzetu anayepokea chupa mlangoni amesimamishwa kazi. Wakubwa wanasema yeye ndiye aliyemwaga dawa ya kuhifadhi akaweka maji kuficha uzembe wake, maana ndani ya chupa tulikuta maji matupu. Yeye anaapa chupa ilifika hivyo. Hana shahidi. Keshokutwa Jumatatu kikao kitakaa, nadhani atafukuzwa.

Sikutuhumu, Mzee. Labda ilimwagika njiani. Nakuandikia kwa sababu ya ule uzi mwekundu shingoni mwa chupa. Nilikaa nautazama. Nikasema, aliyefunga fundo hili ni mtu anayetunza mali ya watu. Kama unajua lolote, neno lako litamsaidia mwenzetu, na kipande kingine kitakusaidia wewe.

Msomaji wa vipimo


7 Mei

Binti yangu,

Kaa chini. Usisome umesimama, mikate itaungua tena.

Ilikuja barua kutoka maabara. Kwanza nilijua ni mtego. Nikaigeuza, nikainusa, nikamwita muuza mkaa aisome naye, macho yangu yasije yakanidanganya. Mtego gani unaanza kwa kuusifu uzi wangu? Nikasema, huyu ni mjanja, anapapasa pale ninapowashwa. Nikaitupa chini ya meza. Nikaanza kupiga pasi.

Shati lile lilikuwa la karani wa posta. Nikasukuma, mkono wa kushoto ukakataa kuvuta, pasi ikasimama mahali pamoja. Harufu ikanijulisha. Nimeliunguza, mgongoni, alama ya pasi nzima, unaweza kuhesabu pembe zake.

Mwanangu, wewe unanijua. Mimi nina maringo, sikatai. Lakini nguo ya mtu ikiharibika mikononi mwangu sijawahi kusema aliyeiharibu ni mwingine. Fundi wangu alipounguza suruali ya mwalimu, nani alisimama mbele ya mwalimu? Mimi. Nikasema, duka langu, pasi yangu, kosa langu. Sasa kuna mtu huko amekalishwa nyumbani kwa maji niliyoyatia mimi kwenye chupa niliyoifungua mimi.

Jumatatu nilivaa shati langu jeupe nikaenda. Nikamkuta kwenye benchi nje ya mlango, mwanamume wa makamo, koti jeupe amelikunja mapajani kama mtu aliyekuja kulirudisha. Nikamuuliza, "Wewe ndiye wa chupa?" Akasema, "Mimi, Mzee. Na wewe?" Nikamwambia, "Mimi ndiye wa maji." Hakuelewa. Nikampita nikaingia bila kubisha hodi.

Ndani kulikuwa na mkuu wao, yule daktari wa miwani, na mama mmoja mwenye macho mekundu ya kuchungulia darubini, ndiye aliyeniandikia. Mkuu akasema, "Mzee, hapa kuna kikao." Nikasema, "Ndicho nilichokijia. Aliyemwaga ni mimi. Na nilimwaga nikasuuza vizuri, hakuna hata mmoja wenu angesuuza vile."

Daktari akauliza, "Kwa nini, Mzee wangu?" Nikamwambia, "Kwa sababu uliniambia nisifungue. Ungeniambia nifungue ninuse, ukanieleza maji haya yanafanya nini, nisingegusa." Akavua miwani akaipangusa. Bila miwani ni mtoto kabisa yule.

Wakamwita yule wa benchi. Walipomweleza, akanitazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Mzee, kipande ulikisuuza tu. Mimi ndiye uliyenifua, ukanikamua, ukanianika." Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia, "Lete na pasi unipige, ni haki yako." Amerudishiwa kazi palepale, nimesubiri mpaka karatasi ikapigwa muhuri, maana maneno ya mdomo siyaamini.

Wamenikata tena. Nikasema chupa siibebi mimi, aibebe huyu, mbele yangu, na mimi nafuata nyuma. Tukavuka mji hivyo, yeye mbele na chupa, mimi nyuma na macho. Uzi mwekundu niliufunga. Kifuniko sikukigusa.

Bado siwaamini. Nakwambia ukweli. Mama wa darubini alinionyesha kwenye darubini kioo chenye kipande cha mtu mwingine, kina kahawia, na kioo changu kisicho na kitu, nikamwambia kile cha kwanza mmekipaka. Akasema, "Ndiyo Mzee, vyote viwili nimevipaka rangi ileile. Kimoja kimeikubali." Jibu lake nitalipata, sijalipata tu.

Na ule mstari wa pili kwenye shati la mumeo haukuwa mkaa.

Baba yako


13 Mei

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Barua yako nimeisoma kwa sauti, tanuri zima limesikiliza. Msimamizi aliyenitukana amesema anataka kukuona.

Niambie neno moja tu na usilipambe. Nije?

Binti yako,
Mwoka Mikate


3 Juni

Mwanangu,

Marahaba zote.

Tatu. Sikuandika kwa herufi kubwa, mumeo akitaka kuona asogee. Maisha yangu yote sijawahi kupata alama zote katika jambo lolote, shuleni nilitoka nikiwa wa mwisho darasani, na sasa tatu juu ya tatu. Daktari alifurahi, halafu akaona haya kufurahi mbele yangu. Nikamwambia furahi tu kijana, wewe ulisema tatu tangu mwanzo. Dawa nimeanza. Inaingia kwenye mshipa tone tone, nami nakaa nalikodolea macho kila tone. Nimemuuliza nesi inatengenezwa na nani, inakaa wapi, nani ana ufunguo wa friji. Amesema kesho ataleta kiti chake akae karibu nami, anisimulie vizuri.

Kengele zitanyamaza au hazitanyamaza, daktari hakuniahidi. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini kidogo. Mwenye sabuni ya kuuza huwa anaahidi.

Yule mama wa kilemba cha kijani nimemkuta kwenye vyumba vya dawa. Naye ni titi. Lake ni lake, langu ni langu. Tumekaa viti jirani, anapenda maneno kuliko mimi.

Sasa nikwambie kilichonileta kwenye kalamu. Mpokea chupa alikuja dukani, nikadhani amekuja kudai haki yake ya pasi. Kumbe ameleta koti lake jeupe la kazini nilifue. Kwenye mfuko kuna doa la kahawia, upana wa kidole gumba. Nikamuuliza la nini. Akasema, "Ndiyo ile rangi yenyewe, Mzee. Ilinirukia zamani. Wewe si dobi? Litoe." Akanitazama kwa kebehi.

Mimi niliyetoa wino kwenye gauni la harusi. Nikalianza kwa sabuni ya kipande. Nikalipa limau na jua. Nikalipa magadi. Nikalichemsha mpaka vifungo vikalia. Nikalisugua kwa mkono wa kulia, maana wa kushoto ndio hivyo tena. Limekaa vilevile, kahawia yake haijapungua hata kidogo, kama limezaliwa pale.

Basi nikalisuuza, nikalitia wanga, nikalipiga pasi, nikamrudishia na doa lake. Ni mara ya kwanza kumrudishia mteja nguo yenye doa. Nilingoja anicheke. Akalivaa, akafunga vifungo, akasema, "Mistari imenyooka, Mzee." Kwenye mkono wa kushoto kulikuwa na mistari miwili. Aliiona, nami nilimwona akiiona.

Mashuka ya nyumba ya wageni nimempa yule wa mashine. Anayafua vibaya lakini hana maringo.

Uliniuliza neno moja nisilipambe. Njoo. Mlete na mumeo, na futi yake, apime anachotaka. Beseni limejaa maji tangu asubuhi na siwezi kulinyanyua.

Baba yako